Nyimbo za Bibi Yake

Mwanangu alipofikisha miezi minane tulimpandisha mlimani, Mpui, kwa mama mkwe wangu, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kufika wimbo ukiwa umeshaimbwa.

Hatukuwa na namna. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza Mtowisa, kule bondeni, na mume wangu alikuwa bwana shamba wa wakulima wa mpunga. Mtu mzima anaweza kulizoea joto la bondeni, lakini mtoto wetu lilimshinda. Malaria ilikuwa haimwachi. Ilipofika mahali akaongezewa damu, mganga wa zahanati alitukalisha kwenye benchi, mimi na mume wangu, akatuambia, "Kama mna ndugu huko juu kwenye baridi, mpelekeni akakulie huko kwanza. Mtamchukua akishapata nguvu."

Ndugu huyo wa kwenye baridi alikuwa mama mkwe. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye viganja vipana vya mtu wa jembe, na sauti nzito ambayo kwenye jumuiya yao ya kanisa ndiyo iliyoanzisha kila wimbo. Alilima ulezi, mahindi na maharage, na nyumba yake ilikuwa na jiko lenye moto kuanzia alfajiri mpaka watu wanapolala. Alimpokea mtoto mgongoni bila maneno mengi. Mimi nilipanda lori la mpunga kurudi kazini, maziwa yakiwa yananivuja kifuani, nikajifunika kitenge ili dereva asione.

Nilirudi na mume wangu likizo ya mwezi wa sita. Mpui mwezi wa sita ni baridi ya kuumiza vidole, na ukungu unakaa shambani mpaka saa nne asubuhi. Nilimkuta mtoto amenenepa, ameshaanza kutembea, mashavu yamepasuka kwa baridi, amevaa sweta la kufumwa. Hakunikimbilia. Alinitazama kama wanavyotazamwa wageni, kisha akaenda kujificha nyuma ya sketi ya bibi yake.

"Ni mama huyo," mama mkwe akamwambia. "Nenda kwa mama."

Alikuja kwa kutumwa. Nilimpakata, nikamnusa, akanuka moshi na mafuta ya alizeti. Jioni akaanza kulia kwa usingizi. Nikamweka mgongoni, nikamwimbia wimbo niliokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa langu, ule wa kuhesabu vidole. Niliutunga mwenyewe, na pale shuleni ulikuwa maarufu. Mtoto akazidi kulia. Mama mkwe akaja, akamchukua, akakaa naye karibu na moto, akaanza kuimba kwa Kifipa, polepole, sauti yake ikiwa chini kabisa. Mtoto akanyamaza. Kichwa kikalala pale shingoni mwa bibi, mdomo wazi.

Mimi Kifipa sikukijua. Nilizaliwa Sumbawanga mjini, lakini wazazi wangu walikuwa wametoka Tabora, na nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tu. Cha Kifipa nilijua salamu na bei za sokoni. Nikamuuliza mume wangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akichoma hindi, "Anaimba nini?"

"Wimbo wa kubembeleza tu," akasema.

"Unasemaje?"

"Unasema nyamaza mwanangu. Nyimbo za kubembeleza zote si ndivyo zinavyosema?"

Lakini niliona ameinamisha uso, na kwamba alikuwa anazuia kucheka. Nikajua wimbo una zaidi ya hayo, na kwamba mume wangu ameamua kuwa upande wa mama yake. Usiku ule nililala nimegeukia ukuta.

Likizo zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nilipanda na kandambili mpya, gauni jipya, biskuti, na mchele wa bondeni ambao Mpui waliuheshimu sana. Mtoto alikula biskuti zangu akiwa amekaa mapajani kwa bibi yake. Alipokuwa na miaka minne hivi nilijaribu tena kumwimbia wakati wa kulala. Akanifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Hiyo ya shule, mama," akasema. "Imba ya bibi."

"Ya bibi siijui, mwanangu."

Akanitazama kwa huruma kabisa, kama mtu mzima anavyomtazama mgonjwa. Kisha akashuka kitandani, akaenda jikoni.

Sijui kama wanaume wanaujua wivu wa namna hii. Wivu wa mume na mke una dawa zake: unaweza kugomba, unaweza kuondoka, watu wa pande zote wakaitwa kukaa kikao. Lakini utamlalamikia nani kwamba mama mkwe amemlea mwanao vizuri mno? Kila aliyeniona aliniambia nina bahati. Walimu wenzangu waliokuwa wakihangaika na wasichana wa kazi waliniambia, "Wewe una mama mkwe wa dhahabu." Nikaitikia ndiyo, ni wa dhahabu, nikatamani awe na kasoro moja tu ambayo ningeweza kuishika mkononi.

Wakati huohuo, pale Mtowisa, mama mmoja wa mwanafunzi alinisimamisha sokoni. Alikuwa amebeba ungo wa dagaa wa Kirando kichwani. "Mwalimu," akasema, "huyu mtoto wangu umemfanya nini? Nikimwambia ale, anaimba za kwako. Nikimwambia aoge, anaimba za kwako. Za kwangu zote amezitupa." Alikuwa anacheka, lakini macho hayakuwa yanacheka. Mimi nilipokea maneno yale kama sifa ya kazi yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikamhadithia mume wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hm," akaendelea kula.

Nilihamishiwa shule ya Sumbawanga mjini binti yetu alipokuwa darasa la pili. Tukapanga nyumba, mume wangu akapata nafasi ofisi za mjini, tukamchukua mtoto. Siku ya kumtoa Mpui alilia hadi akatapika ndani ya gari. Mama mkwe alisimama barabarani na kitambaa chake cha kichwa mkononi, hakupunga. Nami, Mungu anisamehe, niliona raha kidogo. Nilisema moyoni, sasa zamu yangu.

Lakini zamu haikuja. Alikula chakula changu, alishonewa nguo na fundi niliyemchagua, alifanya mazoezi ya hesabu mezani kwangu, na akawa mtoto mwema asiye na neno. Wimbo wa bibi alikuwa anauimba peke yake anapoosha vyombo, na nikiingia jikoni ananyamaza. Hakuninyima kwa ubaya. Nadhani alikuwa ananyamaza kama unavyonyamaza akiingia mtu asiyejua mnazungumzia nini.

Siku ya Komunyo ya Kwanza alichaguliwa kuanzisha wimbo wa watoto. Nilipiga pasi gauni lake jeupe mpaka nikaogopa litaungua. Kanisa lilikuwa limejaa, mama mkwe alikuwa amekuja na basi la asubuhi na kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mwanangu akapanda ngazi, akafungua mdomo, na iliyotoka ni sauti ya bibi yake. Si nzito kama ile, alikuwa bado mdogo, lakini namna ya kuingia kwenye neno kama mtu anayejaribu maji kwa mguu, ilikuwa ileile. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu aliniambia, "Hongera, mama, ametoa wapi sauti hii?" Wimbo ulipoisha, mtoto alinyanyua macho kutafuta mtu kanisani. Macho yake yalipita juu ya kichwa changu, yakaenda mpaka mlangoni, yakatulia huko, ndipo akatabasamu.

Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Akaingia sekondari, akaanza mambo ya visikilizio masikioni. Nikajipa moyo kwamba sasa angalau tumekuwa sawa, mimi na bibi. Nyimbo hizi za vijana za kwenye simu hatuzijui wote wawili. Likizo moja tulikwenda Mpui kuvuna ulezi. Jioni nikawakuta wamekaa kwenye mkeka nje, wameegemea ukuta, kila mmoja ana kisikilizio kimoja sikioni. Mama mkwe, na umri wake wote, alikuwa anatikisa kichwa kwa mapigo.

"Mnasikiliza nini?" nikauliza.

"Bongo Fleva, mama," binti akasema. "Hutaipenda."

"Umejuaje sitaipenda?"

"Utasema maneno yake hayana adabu."

Mama mkwe akatoa kisikilizio, akanyoosha mkono kunipa. "Njoo, mwalimu. Maneno hata mimi siyasikii, nasikia ngoma tu."

Nikasema nina vyombo vya kuosha. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa tayari.

Sasa nifike kwenye sendofu. Binti alimaliza chuo, akaajiriwa Mbeya, akapata mchumba huko, kijana mtaratibu, na sherehe ya kumuaga tukaifanya ukumbini Sumbawanga. Mimi nilikaa meza ya mbele na mume wangu, nimeshonewa gauni la rangi ya kamati, ua limebandikwa kifuani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mshereheshaji aliposema tumwite bibi mzaa baba atoe zawadi yake. Mama mkwe alikuja na kundi la wanawake wa Mpui nyuma yake. Akapewa maikrofoni. Watu walitegemea atatoa wosia. Aliimba.

Ulikuwa ni ule wimbo. Niliutambua kwenye sauti ya kwanza. Wanawake wa Mpui wakaitikia, kumbe wanaujua wote, wakapiga makofi na vigelegele, na walipofika mahali fulani wakaangua kicheko, na baadhi yao wakanitazama mimi. Binti yangu alinyanyuka kwenye kiti chake cha maua, akaenda kupiga magoti mbele ya bibi yake, akalia mpaka vipodozi vikachuruzika.

Wifi yangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma yangu. Akainama sikioni kwangu. "Wanakuimba wewe, wifi."

"Mimi?"

"Hukujua? Ni wa kwako siku zote." Akanitafsiria huku anacheka, kwa nia njema tu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake picha yake ya zamani. "Mama yako ameshuka bondeni, amefuata joto, anafundisha watoto wa wenzake kusoma. Wa kwake amemwachia kizee asiye na meno, kizee anamfundisha nini?"

Kukawa na vigelegele vingine, sikusikia zaidi. Nilikaa na ua langu kifuani. Miaka yote ile, kila jioni, mwanangu alikuwa analazwa kwa kusimuliwa kwamba mama yake amemwacha. Na kijiji kizima kilikuwa kinaitikia. Mume wangu aligeuka kunitazama, akaona wifi ameshaniambia, akashika glasi yake ya soda kwa mikono miwili kama inamponyoka.

Sikufanya fujo. Sherehe ikaisha, harusi ikapita, wageni wakaondoka. Wiki iliyofuata nikapanda gari kwenda Mpui peke yangu.

Nilimkuta mama mkwe uani akipeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Sikukaa.

"Mama," nikasema, "nimeujua ule wimbo."

"Upi?"

"Wa mama aliyefuata joto bondeni."

Aliweka ungo chini. Hakuonekana kushtuka wala kuona haya. "Nani amekuambia?"

"Wifi. Mama, mimi nimekukosea nini? Sikwenda bondeni kutembea. Nilipangiwa kazi. Mtoto nilimleta ili asife."

"Najua."

"Sasa ni kwa nini ukamjaza maneno hayo?"

"Amekutafsiria mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka kwenye kizee asiye na meno."

"Ah," akasema. "Huyo naye! Ameishia kwenye kucheka." Akajifuta mikono kwenye kitenge, akatulia kidogo, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kinahitaji kutafutwa. "Mtoto ulipomleta alikuwa analia kila jioni. Analia anatazama barabara. Nikimwambia mama atakuja, anatazama barabara, hakuna mtu. Nikaona nisimdanganye. Nikamwimbia uko wapi. Uko bondeni, unafundisha watoto. Ndiyo hicho kipande cha kwanza. Cha pili ninakupandisha kwenye gari."

"Unanipandisha vipi?"

"Kwenye wimbo. Nyamaza, mama amepanda gari la mpunga. Gari linapanda mlima. Limefika kwenye kona. Limefika kwenye mawe, linanguruma. Mama yumo, amekaa juu ya magunia, amekushikia zawadi. Naendelea hivyo, kona kwa kona."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Na nilifika?" nikauliza. Niliona aibu sauti yangu ilivyotoka, kama ya mtoto.

"Hapana," akasema. "Alikuwa analala gari likiwa bado njiani. Siku akichelewa kulala, nakurudisha kwenye kona moja, unaanza tena. Sikukufikisha hata siku moja. Ningekufikisha, angefumbua macho asikukute. Ningemwambia nini?"

Akachukua ungo wake, akaendelea kupeta. Makapi yakaruka, mengine yakatua kwenye mapaja yangu. Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi, nimeyapanga kwenye gari tangu mjini, na hapakuwa na mahali pa kuyaweka.

Watu wakisikia habari hii hudhani kwamba wivu wangu uliishia hapo. Ningependa iwe hivyo. Kusema kweli uliongezeka, ukabadilika ladha tu. Mwanzo nilimwonea wivu kwa sababu mwanangu alimpenda yeye. Sasa nikamwonea wivu kwa sababu alikuwa amejua kunipenda mimi mbele ya mwanangu kwa namna ambayo mimi mwenyewe nisingeiweza. Nilitaka nimchukie kwa raha, akaninyima hata hilo. Kwenye gari la kurudi nililia, na sikujua namlilia nani kati yetu watatu.

Leo mama mkwe anakaa kwetu Sumbawanga. Miguu imegoma na macho yamepungua, na mimi nimestaafu, kwa hiyo mume wangu akitoka, kutwa tuko wawili. Namkorogea uji wa ulezi, namwogesha, namtoa barazani jua likitoka. Binti anapiga simu jioni akitoka kazini. Simu ni yangu, lakini swali la kwanza ni, "Shikamoo mama, bibi yupo?" Namshikia bibi simu sikioni, maana mikono yake inatetemeka, nami nasimama pale kama mlingoti huku wakicheka kwa Kifipa.

Ndiyo maana nimejifunza Kifipa uzeeni. Wengine wanadhani ni kwa mapenzi ya utamaduni wa kwa mume wangu. Nimejifunza kwa wivu, nikimuuliza mama mkwe neno moja moja wakati wa kumwogesha, naye akinisahihisha na kunicheka matamshi. Wao hawajajua nimefika wapi.

Jioni moja juzi, nikiwa nimeshika simu, nikamsikia anamwambia mjukuu wake habari za maziko yake mwenyewe. Alisema anataka azikwe Mpui. Akasema wanakwaya waimbe za kanisani wanavyotaka, lakini jeneza likitoka nyumbani, wimbo wa kwanza auanzishe mjukuu, na akamtajia wimbo gani, wimbo wa zamani wa wanawake wa kule, nao wakaunong'ona pamoja kidogo kwenye simu, mmoja Mbeya na mwingine barazani kwangu. Binti alikuwa anavuta makamasi.

Simu ilipokatika nikakaa kwenye mkeka karibu naye.

"Mama," nikamwambia kwa Kifipa, "hata wimbo wa maziko unampa yeye?"

Akanigeuzia uso, macho yake yale yenye ukungu yakinitafuta. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia yote?"

"Karibu yote. Mimi ndiye ninayekuogesha, mama. Mimi ndiye nitakayekuvalisha. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe sauti yako ni ya darasani, mwalimu," akasema. "Utawapanga wafiwa mstari." Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Yeye ataimba kwa sababu hatalia. Amezoea kuniacha na kurudi. Wewe hutaweza kuimba. Wewe utalia sana."

"Umejuaje kama nitalia?"

Aliniambia jua limezama, nimwingize ndani, na uji wa leo nisiuweke sukari nyingi kama wa jana.